Ndimu ikitumbukia kwenye glasi: nani hasa anayasimamisha maji?

Jirani yangu anauza juisi. Mwezi uliopita aliniomba nimpigie picha ya kuweka kwenye bango lake: kipande cha ndimu kikitumbukia ndani ya glasi, maji yameruka juu mfano wa taji. Tukaipiga sebuleni kwangu, akaiweka kwenye status yake, na saa moja haikupita mabishano yakaanza. Binamu yake akasema hiyo imetengenezwa na akili mnemba. Mwingine akasema wapi, hiyo ni kamera ya mamilioni, ile inayopiga picha elfu kwa sekunde. Mteja mmoja akauliza kwa upole kama ndimu ilikuwa imefungwa uzi.

Wote walikosea, wala siwalaumu. Macho yetu hayajazoea kuona maji yakiwa yamesimama hewani, kwa hiyo picha ya namna hiyo inafanana na uongo hata ikiwa ya kweli. Kamera iliyopiga picha ile ni ya mtumba, na kazi ya kuyasimamisha maji haikuifanya yenyewe. Ilifanywa na giza, likisaidiwa na mwako wa taa uliozima kabla maji hayajapata nafasi ya kusogea. Watu wengi wanapotea hapo, hata wenye kamera nzuri mkononi, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Picha za vitu vilivyotulia ni zile za matunda, vyombo, maua, chupa, viatu, chochote ambacho hakitaondoka mezani ukienda kujibu simu. Mpiga picha ndiye anayepanga kila kitu: nini kiwepo, kikae wapi, mwanga utoke upande gani. Ukiongeza maji unakuwa umeingiza mtundu mmoja kwenye darasa lililotulia. Shata ni pazia lililo ndani ya kamera, linalofunguka na kufunga ili mwanga uingie kwa muda unaoutaka wewe. Kitundu cha lenzi ni tundu linaloweza kupanuliwa au kubanwa, kama mboni ya jicho la paka. Na flashi ni taa inayotoa mwako mmoja mkali kisha ikazima. Flashi si tochi. Tochi inawaka na kuendelea kuwaka. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyobeba habari yote.

Umewahi kukaa barazani usiku wa masika, umeme umekatika na mvua inamwagika? Ukitazama uani huoni kitu, unasikia tu maji kwenye mabati. Kisha radi inamulika mara moja. Kwa kitambo hicho unaona mwembe, kamba ya nguo, ndoo uliyoisahau nje, na matone ya mvua yamesimama hewani kama shanga. Matone hayakusimama, yalikuwa yakianguka kwa kasi ileile. Ila jicho lako lilipata mwanga kwa muda mfupi mno, na kabla na baada ya hapo halikupata kitu. Picha ya jirani yangu ilipigwa kwa namna hiyohiyo. Sebule iliyozimwa taa ndiyo usiku, flashi ndiyo radi, na kamera ni mtu aliyekaa barazani macho wazi.

Sasa tuweke hesabu kidogo. Kitu kikiangushwa kutoka urefu wa sentimita 30 kinafika chini kikienda mita 2.4 hivi kwa sekunde. Ukipiga picha kwa shata ya sekunde 1/200, katika muda huo tone linasogea milimita 12. Tone lenyewe lina upana wa milimita nne au tano, kwa hiyo utapata mstari, si tone. Flashi ndogo ya kuvalishwa juu ya kamera, ikipunguzwa nguvu hadi karibu na mwisho, inawaka kwa takriban sekunde 1/20,000, na nyingine kwa muda mfupi zaidi ya huo. Katika muda huo tone linasogea kama milimita 0.12, unene wa karatasi. Jicho la mtazamaji haliwezi kuliona hilo, na ndiyo maana anasema maji yameganda.

Swali linalofuata huwa ni hili: si niongeze tu kasi ya shata? Kamera nyingi zinafika 1/4000, nyingine 1/8000. Unaweza, kama uko nje na jua ni kali. Ndani ya nyumba unagonga ukuta mara mbili. Kwanza, mwanga wa balbu za sebuleni, ingawa jicho linauona unatosha, ni mdogo mara mamia kuliko jua la mchana. Kwa 1/4000 utapata picha nyeusi. Pili, shata za kamera nyingi zina mapazia mawili yanayofukuzana. Kwa kasi ndogo la kwanza linafunguka lote, kisha la pili linafunga. Kwa kasi kubwa la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza, kwa hiyo kinachopita mbele ya picha ni mwanya tu, mfano wa mtu anayepita mbele ya dirisha na pazia mbili mkononi, katikati ameacha nafasi ya vidole viwili. Flashi ikiwaka wakati huo inaangaza pale tu mwanya ulipo, na picha inatoka na ukanda mweusi upande mmoja. Ndiyo sababu kamera nyingi zinakwambia ukitumia flashi usivuke 1/200 au 1/250. Wengi wanadhani huo ni udhaifu wa kamera yao. Kwa kazi hii hauna madhara yoyote, kwa sababu kwenye chumba cha giza shata inaweza kukaa wazi hata sekunde nzima na maji bado yakatoka yamesimama.

Jambo la nguvu ya flashi nalo limewachanganya wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilidhani maji yakitoka na ukungu, dawa ni kuongeza nguvu. Ni kinyume. Flashi hizi ndogo hazipunguzi nguvu kwa kufifia. Zinapunguza kwa kukatishwa mapema. Fikiria bomba la maji lililofunguliwa mpaka mwisho. Ukitaka ndoo, unaliacha. Ukitaka kikombe, unafungua na kufunga papo hapo. Msukumo wa maji ni uleule, muda ndio uliobadilika. Flashi kwenye nguvu kamili ni ndoo: inawaka karibu sekunde 1/1000, na tone linasogea zaidi ya milimita mbili. Kwenye 1/64 au 1/128 ya nguvu ni kikombe. Mwanga unakuwa kidogo, ndiyo, lakini unaufidia kwa kuisogeza flashi karibu: ukipunguza umbali nusu, mwanga unaongezeka mara nne. (Taa kubwa za studio zina tabia zake. Nyingi za zamani zikipunguzwa nguvu zinawaka kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo usiende kwa rafiki mwenye studio ukamfundisha kazi.)

Mambo haya si mapya. Mwaka 1851 Mwingereza William Henry Fox Talbot alibandika ukurasa wa gazeti kwenye gurudumu linalozunguka, akaupiga picha gizani kwa cheche moja ya umeme. Mwingereza mwingine, mwanafizikia Arthur Worthington, alitumia miaka mingi kuchunguza matone yanavyorusha maji. Mwanzoni alikuwa akiangusha tone gizani, anawasha cheche, kisha anachora kwa mkono kile jicho lilichokishika. Halafu akaja Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha teknolojia cha MIT kule Marekani, aliyeifanya taa ya mwako kuwa chombo cha kawaida cha kazi. Picha yake ya mwaka 1957 ya tone la maziwa lililofumuka kuwa taji juu ya uso mwekundu imezunguka dunia nzima. Angalia alichochagua: maziwa. Kwa hiyo tunafika kwenye fumbo la pili, ambalo mimi nalipenda kuliko la kwanza.

Maji safi hayaonekani. Tunasema tunayaona kwa mazoea, lakini tunachokiona ni vitu vilivyo nyuma yake vikiwa vimepinda, na mng'aro wa dirisha au taa juu ya uso wake. Maziwa ni meupe, ukiyamulika kwa mbele yanaonekana. Ukimulika maji kwa mbele, mwanga unapita ukaangaze ukuta wa nyuma, na glasi yako inabaki na doa moja jeupe la kuchukiza. Hapo ndipo mtu anaponunua flashi ya pili, akamulika pande zote mbili, akapata madoa mawili.

Dawa ni kuupeleka mwanga nyuma. Nilitundika shuka jeupe kwenye kamba, hatua moja nyuma ya glasi, na nyuma ya shuka nikaweka flashi. Flashi ikiwaka, shuka lote linakuwa kama dirisha jeupe, na maji yaliyo mbele yake yanachorwa kingo nyeusi, kwa sababu pale maji yanapojikunja mwanga wa shuka unapindishwa na kwenda kwingine, usifike kwenye lenzi. Kila mkunjo wa maji unapata mstari wake. Ukitaka kinyume chake, maji meupe kwenye usiku mweusi, weka kitambaa cheusi nyuma ya glasi, kiwe na ukubwa wa kutosha tu kujaza picha, na mwanga mkubwa utokee pembeni na nyuma yake: sasa kingo ndizo zitakazong'aa. Flashi ni ileile na glasi ni ileile, kilichobadilika ni kilichokaa nyuma.

Na ukishaelewa kwamba maji yanaonyesha kilicho nyuma, unaanza kucheza. Chukua kioo cha fremu ya picha, kiweke juu ya vikombe vinne, tandika kanga chini kabisa, kisha nyunyiza matone juu ya kioo. Piga picha kutoka juu kwa karibu. Kila tone ni lenzi ndogo, na ndani ya kila tone kuna kanga nzima, kichwa chini miguu juu. Kama kanga ina jina, herufi zake zitasomeka zimepinduliwa. Glasi ya mviringo iliyojaa maji ina kituko chake: weka kanga igusane na mgongo wa glasi, maandishi yanakuwa manene lakini yako sawa. Irudishe nyuma taratibu. Ikivuka umbali wa karibu nusu ya upana wa glasi, maandishi yanageuka, kulia kunakuwa kushoto, ila juu kunabaki juu. Glasi imejikunja upande mmoja tu ndiyo maana inageuza upande mmoja. Tone limejikunja pande zote. Watoto wangu walicheza mchezo huo saa nzima, na kamera haikuguswa.

Kuna shutuma moja dhidi ya flashi ambayo lazima niijibu, kwamba inaharibu picha: nyuso zinakuwa na mafuta, vivuli vinakatika kama kwa kisu. Ni kweli kwa flashi iliyokaa juu ya kamera ikitazama mbele, kwa sababu ni taa ndogo iliyo karibu na lenzi. Ukiipitisha kwenye shuka, au kwenye karatasi ile nyeupe ya kutandika kwenye trei ya keki, au ukaielekeza kwenye dari nyeupe, taa yako inakuwa na ukubwa wa shuka au wa dari. Hayo tu.

Turudi sebuleni. Tulianza saa mbili usiku baada ya kufunga mapazia. Jaribio la kwanza kabisa lilikuwa kupiga picha bila flashi, shata wazi sekunde moja. Inatakiwa itoke nyeusi tii. Yetu ilitoka na kivuli cha glasi, tukagundua ni taa ya friji na ile nyekundu ya king'amuzi, tukavifunika. Kamera nikaiweka kwenye stendi, kitundu f/8, ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga) 400. Kulenga gizani ni balaa, kwa hiyo nilisimamisha penseli ndani ya glasi pale ndimu itakapoangukia, nikalenga kwa mkono taa zikiwa zinawaka, nikazima ulengaji wa kujiendesha ili kamera isianze kutafuta upya, ndipo nikatoa penseli. Nilitumia maji ya kawaida, si ya friji. Hapa pwani glasi ya maji baridi inatoka jasho ndani ya dakika chache, jambo zuri kwa picha ya soda na baya kwa hii. Glasi iliyooshwa juzi haifai pia. Flashi inaanika kila alama ya kidole na kila chembe ya vumbi, na viputo vinavyoganda kwenye ukuta wa glasi vinaondolewa kwa brashi ndogo.

Flashi yangu haina waya wala rimoti ya kuiunganisha na kamera. Haikuhitajika. Kamera zenye alama ya B zinaacha shata wazi kwa muda ulioshikilia kitufe. Jirani akawa anazima taa, mimi nafungua shata, yeye anahesabu moja, mbili, tatu, anaachia ndimu, na mimi nabonyeza kile kitufe cha kujaribia flashi kwa mkono wa pili. Nafunga shata. Taa zinawashwa, tunaangalia, tunafuta meza.

Utakachojifunza haraka ni kwamba kusubiri uone maji yakiruka ni kuchelewa. Ndimu inachukua robo sekunde kushuka sentimita 30, na kidole cha binadamu kinahitaji takriban sekunde 0.2 kuitikia kile jicho lilichoona. Kwa hiyo unabonyeza kwa hesabu, kama mpiga ngoma anayejua pigo linalofuata. Mara ya kwanza tulipata ndimu ikiwa bado hewani, glasi imetulia kama picha ya pasipoti. Mara ya pili, maji yakiwa yameshatulia na ndimu iko chini. Tulipiga mara 70 na kitu. Picha nilizozipenda zilikuwa tatu, na ile ya bangoni ilikuwa ya 41. Katikati ya kazi umeme ukakatika mtaa mzima, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona ni msaada: flashi inatumia betri nne ndogo za AA, na giza ndilo tulilokuwa tukilitafuta tangu jioni. Ila kufuta meza kwa mwanga wa simu ni adhabu.

Anayetaka matone yanayojirudia sehemu ileile badala ya ndimu, anunue mpira wa dripu kwenye duka la dawa, autundike juu ya bakuli na kurekebisha kasi kwa kile kigurudumu chake. Tone likianguka, tone jingine likalikuta lile la kwanza linaruka juu, utapata umbo la uyoga. Na anayetaka matone yakae kwenye embe au pilipili hoho bila kukauka, achanganye maji na glisirini ya kupaka nusu kwa nusu. Kwenye matangazo hilo ni jambo la kila siku, kama ilivyo kwa vipande vya barafu vilivyotengenezwa kwa plastiki ngumu na picha moja iliyounganishwa kutoka mirusho mitano tofauti. Sioni kosa, mradi mtu haiti hiyo picha moja.

Onyo moja tu, lakini ulishike. Ndani ya flashi kuna kifaa kinachohifadhi umeme wa volti zipatazo 300, na kinaweza kubaki nao hata betri zikitolewa. Usiifungue, na ikitumbukia majini usiikaushe ukaiwasha. Waya wa ekstensheni uwe mbali na meza ya maji. Mimi flashi naivalisha mfuko wa nailoni na nafunga kwa mpira.

Wenye simu wataniuliza. Kile kinachoitwa flashi kwenye simu nyingi ni tochi: taa ya LED inayowaka kwa muda mrefu kuliko tunaoutaka. Zipo chache zilizowahi kuwa na flashi halisi, mojawapo Nokia Lumia 1020 ya mwaka 2013, lakini simu yako ya leo kwa uwezekano mkubwa haina. Basi usihangaike nayo usiku. Toka nje saa tano asubuhi, jua likiwa kali. Lenzi ya simu ina kitundu kipana, kwa hiyo juani inaweza kutumia shata ya 1/4000 au fupi zaidi, na tone letu la mita 2.4 kwa sekunde litasogea milimita 0.6 tu. Weka glasi kati yako na jua, nyuma yake kitu cheusi, fungua sehemu ya Pro, ile ya kupanga shata mwenyewe, kama simu yako inayo, na shikilia kitufe ipige mfululizo. Watu wanaosema simu haiwezi kusimamisha maji wamejaribu sebuleni.

Binamu wa akili mnemba hakukubali kirahisi. Nilimtumia faili lenyewe kutoka kwenye kamera, nikamwambia alikuze mpaka mwisho na atazame tone kubwa lililo juu ya ndimu, upande wa kushoto. Alikaa kimya kidogo, kisha akaandika: "Kaka, mbona humu ndani naona shuka, na kiti cha plastiki kimepinduka?"